Maswali ya Wasomaji: Video Inapokataa Kuingia Kwenye DVD

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Lamu, na moja au mbili zimetoka Malindi. Karibu zote zinahusu kazi ya video iliyohaririwa vizuri kwenye kompyuta, kisha ikaharibika au ikakataliwa pale ilipotiwa kwenye diski. Wengi wa walioandika wameilaumu programu, na wengine wamekwishabadilisha programu mara kadhaa bila nafuu. Nilivyozisoma barua hizi, chanzo cha shida kiko mbele ya programu: DVD ya video ina masharti yake yaliyowekwa katika miaka ya 1990, hayajabadilika tangu wakati huo, na mtu anayeyajua kabla ya kuanza kuhariri huokoa usiku mwingi wa kazi.

SWALI: Mimi ni mpiga video za harusi hapa Langoni, Lamu, na hupiga upande wa wanawake tu. Nina video ya kupamba ya saa 3 na dakika 10. Nilipoweka bitireti (kiasi cha data kwa kila sekunde) ya megabiti 8, programu ya kutengenezea DVD ilikataa ikasema nafasi haitoshi. Nilipoiachia ichague yenyewe ilikubali, lakini wanawake wanapocheza picha inavunjika vipande vya mraba, na nyuzi za dhahabu za vazi la bibi harusi hazionekani kabisa. Sauti nimeiacha katika WAV ili isipungue ubora. Wenye harusi hawataki video iwekwe mtandaoni wala ipitishwe kwa WhatsApp. Wanataka diski mkononi. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, shida yako imo katika hesabu, nami nitaifanya hapa hatua kwa hatua ili uweze kuirudia kwa harusi yoyote utakayoipiga.

Diski ya kawaida ya tabaka moja hubeba baiti bilioni 4.7. Kila baiti ni biti 8, kwa hiyo diski nzima ina nafasi ya megabiti 37,600 hivi. Acha akiba kwa ajili ya menyu na mambo mengine madogo ambayo programu huyaongeza, ubaki na 36,000. Video yako ya saa 3 na dakika 10 ni sekunde 11,400. Ukigawanya 36,000 kwa 11,400 utapata 3.16, na hicho ndicho kiwango cha megabiti ambacho kila sekunde ya harusi hiyo inaweza kupewa, picha na sauti kwa pamoja. Ulipoomba 8 kwa ajili ya picha, na sauti yako ikiongezwa juu yake, ulikuwa unaitaka diski moja ibebe gigabaiti zaidi ya 13. Programu ilifanya haki kukataa.

Sasa tuitazame sauti, maana hapo ndipo palipojificha hasara kubwa. WAV ni sauti isiyobanwa. Ikiwa ni ya stereo, ya biti 16 na sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, inakula megabiti 1.536 kila sekunde, yaani karibu nusu ya zile 3.16 ulizo nazo. Picha ikabakiwa na 1.6 hivi, nacho ni kiwango ambacho hakiwezi kubeba umati wa wanawake wanaocheza. Badilisha sauti iwe AC-3, aina ya sauti iliyobanwa ambayo DVD inaikubali, ya kilobiti 192 kwa sekunde. Masikio ya watu waliokaa sebuleni mbele ya televisheni hayatatambua tofauti katika nyimbo za vugo wala katika mazungumzo, na picha itapanda hadi karibu megabiti 2.97, ambayo ni karibu mara mbili ya ilichokuwa nacho. Kumbuka pia kwamba MP3 na AAC, ingawa tumezizoea kwenye simu, hazimo katika masharti ya DVD, na ukiziingiza programu italazimika kuzigeuza tena.

Hata hivyo 2.97 bado ni chache kwa tukio la aina hii, na inafaa ujue kwa nini. Umbizo la MPEG-2, linalotumiwa na DVD, halihifadhi kila picha kwa ukamilifu wake. Huhifadhi picha moja kamili, kisha kwa zile zinazofuata huhifadhi mabadiliko tu, na katika PAL, mfumo wa televisheni tunaoutumia Kenya, lazima picha kamili nyingine ije kabla ya kupita fremu 15, yaani picha 15 moja moja za video. Bibi harusi anapokuwa amekaa mbele ya ukuta mweupe wa chokaa, asumini zimetulia kichwani, mabadiliko ni machache na biti chache zinatosha. Wanawake wanaposimama wote wakaanza kucheza, leso zinapepea, mapambo ya dhahabu yanamemeta na taa inayapiga, karibu kila sehemu ya picha inabadilika mara 25 kwa sekunde. Biti zikikosekana, enkoda (sehemu ya programu inayoibana video) hutupa yale madogo madogo kwanza, kama nyuzi za vazi, na mwishowe unabaki unaona vile vipande vya pikseli 16 kwa 16 ambavyo MPEG-2 huigawa picha. Hiyo ndiyo miraba uliyoiona.

Kwa hiyo ushauri wangu ni diski mbili. Kila moja ikichukua dakika 95, hesabu ileile inakupa megabiti 6.3 kwa sekunde, ukitoa sauti unabaki na 6.1, na kwa kiwango hicho vazi la bibi harusi litaonekana lilivyo. Tafuta mahali ambapo sherehe yenyewe inapumzika, kwa mfano pale wageni wanapopewa halua na kahawa, ukate hapo. Ipo pia diski ya tabaka mbili yenye baiti bilioni 8.5, ambayo ingekupa kama 5.5 kwa picha bila kuikata harusi, lakini ni ghali, na deki nyingi za zamani husitasita au hukwama zinapovuka kutoka tabaka moja kwenda jingine. Mimi nisingeikabidhi kwa familia bila kuijaribu kwanza kwenye deki yao. Njia ya tatu ni kupunguza upana wa picha hadi 352 kwa 576, ambayo DVD inairuhusu, ila kwa harusi sioni kama inafaa, kwa kuwa utapoteza nyuzi zilezile unazozililia.

Unapoenkodi, chagua bitireti inayobadilika na kazi ya pasi mbili. Katika pasi ya kwanza programu huitazama video yote na kuandika mahali penye harakati nyingi. Katika ya pili huchukua biti kutoka sehemu tulivu na kuzipeleka kwenye ngoma. Itachukua muda mrefu zaidi, na muda huo haupotei bure. Weka wastani wa 6 na kilele cha 8. Masharti ya DVD yanaruhusu picha ifike 9.8 na jumla ya vyote ifike 10.08, lakini diski zilizochomwa, yaani kuandikwa kwa kompyuta, nyumbani husomeka kwa taabu kuliko zile za kiwandani, na deki iliyochakaa ikikutana na kilele kirefu cha 9 inaanza kukatakata.

Jambo moja zaidi kuhusu vyumba vyetu. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene na madirisha machache, na kamera ikiona giza hujiongezea nguvu yenyewe, ikaleta zile chembechembe zinazotembea juu ya picha nzima. Enkoda haijui kwamba hizo ni uchafu; inazihesabu kama mabadiliko na kuzipa biti. Taa moja ya ziada iliyoelekezwa kwenye dari nyeupe, pamoja na kiwango cha nguvu ya kamera ulichokipunguza kwa mkono, vitaipa picha yako faida ambayo programu haiwezi kuileta baadaye.

Na kwa kuwa wenye harusi wamekuamini wakakuruhusu kuingiza kamera mahali ambapo wanawake wamevua mabuibui yao, tazama vizuri folda za muda ambazo programu imeziacha kwenye kompyuta. Programu za kuhariri na za kutengenezea DVD huweka nakala za kazi, mafaili ya onyesho na wakati mwingine video nzima iliyokwisha kugeuzwa, katika folda ambazo mtu hazikumbuki. Kompyuta ikienda kwa fundi, yote hayo yanakwenda nayo. Zifute, kisha faili asilia la ubora wa juu mkabidhi mama wa bibi harusi kwenye diski kuu ya nje, pamoja na zile DVD.

SWALI: Nilirikodi kwa simu sherehe ya madrasa yetu hapa Malindi, dakika 70 bila kukata. Mwanzoni sauti na midomo ya watoto vinakwenda sawa, lakini wanapofika watoto wa mwisho kusoma kasida, sauti imeachana na picha kwa karibu sekunde nzima. Nikiisogeza sauti ili mwisho ukae sawa, mwanzo unaharibika. Je, programu yangu ni mbovu?

JIBU: Ndugu yangu, umeeleza vizuri, na maelezo yako yenyewe yana jibu. Sauti ingekuwa imepishana na picha kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, kuisogeza mara moja kungetosha. Tofauti inayokua polepole ina sababu nyingine: simu nyingi hurikodi kwa kasi ya fremu inayobadilika. Unaweka fremu 30 kwa sekunde, lakini mwanga ukipungua au simu ikipata moto inapunguza kidogo, kisha inapandisha tena, na katika faili inaandika muda halisi wa kila fremu. Programu ya kuchezea video kwenye simu huufuata muda huo, ndiyo maana ukiitazama pale huoni kosa. Programu nyingi za kuhariri, na DVD yenyewe, hutarajia fremu zilizopangwa kwa nafasi sawa. Zikizipanga hivyo, picha inarefuka au inafupika huku sauti ikibaki na urefu wake.

Hakikisha kwanza kwa programu ya MediaInfo, ambayo ni ya bure: ukifungua faili lako, itakuonyesha kama kasi ya fremu ni ya kudumu au inabadilika. Ikiwa inabadilika, lipitishe faili hilo kwenye HandBrake kabla ya kulihariri, ukichagua kasi ya kudumu ya fremu 30 na ubora wa juu, kisha lile faili jipya ndilo uliingize kwenye programu yako. Usihariri kwanza halafu ugeuze mwishoni, kwa sababu kila mahali ulipokata patakuwa pamekatwa juu ya vipimo visivyo sahihi. Utalazimika kuanza upya uhariri wako, nami nasikitika kukuambia hivyo, lakini sijaona njia ya mkato iliyo salama.

Wapo watakaokuambia kwamba kosa ni sauti ya sampuli 44,100 iliyoingizwa katika mradi wa 48,000. DVD inataka 48,000, hilo ni kweli, lakini kosa hilo likitokea sauti hukimbia kwa karibu asilimia 9 na watoto wangesikika wakiwa na sauti nyembamba isiyo yao. Kwako haikuwa hivyo.

Siku nyingine, ikiwa simu yako inaruhusu, rikodi kwa fremu 25 badala ya 30. DVD ya PAL ni ya fremu 25, na kuzipunguza kutoka 30 kunaacha mishtuko midogo pale kamera inapozungushwa. Isitoshe umeme wetu ni wa hezi 50, taa hupwita mara 100 kwa sekunde, na kasi ya 25 pamoja na shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) ya 1/50 huondoa ile mistari inayopanda na kushuka chini ya taa za tyubu ukumbini.

SWALI: Nimetengeneza faili la ISO (nakala ya DVD nzima ndani ya faili moja) la gigabaiti 4.5 lakini flashi yangu inalikataa, ingawa ina gigabaiti 30 tupu. Mwalimu wa shule, Malindi.

JIBU: Mwalimu, flashi yako imefomatiwa kwa FAT32, mfumo usiokubali faili moja kufika gigabaiti 4, hata nafasi iwe kubwa namna gani. Hamisha vilivyomo, uifomati upya kwa exFAT, kisha unakili. Kosa hilohilo ndilo linalokatisha video ndefu katikati unapoitoa kutoka kwenye programu ya kuhariri moja kwa moja hadi kwenye flashi.

SWALI: Nilipiga mashindano ya madau mbele ya mji wa Lamu kwa kamera ya zamani ya 1080i. Kwenye kompyuta kabla ya kuhariri ni safi. Kwenye DVD, kila dau linapopita kwa kasi ukingo wa tanga una meno kama ya msumeno, na majina ya manahodha niliyoyaandika chini ya picha yamekatwa na ukingo wa televisheni.

JIBU: Herufi ile i katika 1080i ina maana kwamba kila fremu imegawanywa nusu mbili, mistari ya witiri na mistari ya shufwa, na kila nusu imenaswa kwa wakati wake: nusu 50 kwa sekunde. Dau lililokwisha kusonga kati ya nusu ya kwanza na ya pili huonekana mahali pawili kidogo. Ukiipunguza picha kutoka mistari 1080 hadi 576 bila kuzitenganisha nusu hizo kwanza, zinachanganyika, na meno hayo yanagandishwa ndani ya picha moja kwa moja. Programu uliyoitumia kuitazama kabla ya kuhariri ilikuwa inazitenganisha yenyewe bila kukuambia.

Rudi kwenye mradi wako na utazame sifa za kipande cha video: lazima kitambulike kuwa cha intalesi, yaani cha nusu mbili kama nilivyoeleza, nusu ya juu ikitangulia, kama zilivyo kamera za 1080i. Ikiwa programu imekisoma kuwa cha fremu nzima, kibadilishe kwa mkono. Kisha una njia mbili. Ya kwanza ni kuondoa intalesi kabisa, upate fremu 25 nzima kwa sekunde; ni rahisi, na meno yatatoweka. Ya pili ni kuigeuza kwanza iwe fremu 50 kwa sekunde, kuipunguza hadi 720 kwa 576, halafu kuirudisha katika nusu mbili, kwa kuwa DVD inaikubali intalesi. Kwa mashindano mimi ningechagua ya pili, ikiwa programu yako inaiweza, maana mwendo wa dau linalogeuza tanga huonekana laini zaidi kwa nusu 50 kuliko kwa fremu 25. Zingatia tu mpangilio wa nusu usigeuke njiani. Ukigeuka hutaona meno kwenye picha iliyosimama, bali kwenye televisheni dau litakuwa linakwenda mbele na kurudi nyuma kwa mtetemo unaochosha macho.

Kuhusu majina: televisheni nyingi hukata ukingo wa picha. Acha asilimia 10 ya upana na ya urefu kila upande bila maandishi, na manahodha wote watasomeka.

SWALI: Mjukuu wangu alinitengenezea diski ya Maulidi, kwa kuwa sikuweza kutoka Matondoni kwenda Riyadha mwaka huu. Kwenye kompyuta yake inacheza. Kwenye deki yangu inaandika kwamba diski haisomeki. Kuna mtu ameniambia deki inahitaji kufunguliwa kanda.

JIBU: Mzee wetu, nakusalimu kwa heshima. Usilipe fedha kwa kazi ya kufungua kanda. Ni kweli kwamba filamu za kuuzwa hufungwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia zinakoruhusiwa kuchezwa, na Kenya imo katika kanda ya 5, lakini diski iliyotengenezwa nyumbani kwa kawaida haina kufuli hilo.

Mwambie mjukuu aifungue diski kwenye kompyuta na kutazama kilichomo. Akiona folda yenye jina VIDEO_TS, na ndani yake mafaili yanayoishia kwa IFO, BUP na VOB, basi ni DVD ya video kweli. Akiona faili moja la MP4 peke yake, amenakili faili juu ya diski. Kompyuta italifungua bila shida, lakini deki nyingi za zamani hazijui kusoma MP4. Dawa yake ni kuliingiza faili hilo katika programu ya kutengenezea DVD, kama DVDStyler ambayo ni ya bure, akichagua PAL, nayo italigeuza kuwa MPEG-2 na kuipanga folda inavyotakiwa.

Ikiwa VIDEO_TS imo, sababu iko katika uchomaji. Huenda diski haikufungwa mwishoni, yaani programu haikuikamilisha baada ya kuandika, na deki haitambui diski iliyoachwa wazi. Huenda pia ilichomwa kwa kasi kubwa mno kwenye diski ya bei rahisi. Achome nyingine kwa kasi ya 4 au 8, na aiambie programu ihakiki baada ya kuchoma. Kama amebandika karatasi ya picha juu ya diski, hiyo peke yake yaweza kutosha kuikwamisha, kwa kuwa karatasi hujikunja kwa unyevu wa huku kwetu na diski ikazunguka bila kulingana. Aandike kwa kalamu laini ya wino wa maji, karibu na tundu la katikati.

Diski za kuchoma hutumia rangi ya kikemikali ambayo jua na joto huiharibu, kwa hiyo isikae dirishani wala juu ya deki yenye moto; irudishwe ndani ya kasha lake na isimamishwe wima. Na kabla mjukuu hajawachomea nakala jamaa wengine, achome moja tu, aje nayo Matondoni, aicheze kwenye deki yako tangu mwanzo hadi mwisho.